MWANAMKE KIONGOZI KATIKA CHAMA CHA MSINGI: KITI, DAFTARI NA UFUNGUO WA KASHA



Siku hizi si jambo la ajabu katika vyama vya mwambao wetu kumkuta mwanamke ameketi katika kiti cha mwenyekiti, cha katibu au cha mweka hazina. Hilo ni jambo la kufurahia. Lakini mwenye kuchunguza ataona ya kwamba kukalia kiti ni jambo moja, na kuendesha kazi ni jambo jingine. Yawezekana jina la mwanamke likaandikwa ukutani mwa ofisi kuwa ndiye kiongozi, na huku bei inapangwa bila yeye, fedha zinahesabiwa bila yeye, na safari ya kwenda kuonana na mnunuzi inafanywa na watu wengine.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, ni wapi hasa usawa unapopotea kati ya mwanamume na mwanamke katika kazi za chama. Pili, ni kwa njia gani viongozi wanawake hupita katikati ya vikwazo hivyo na kuifanya kazi waliyochaguliwa. Tatu, ni wajibu gani unaokiangukia chama chenyewe, ili kiongozi mwanamke asiachwe kupambana peke yake kwa busara yake tu. Tutaanza na mazingira ya Juani, kisha tutatazama kisiwa kingine kilicho mbali sana, Jeju cha huko Korea, ambako wanawake wa bahari wamepambana na mambo yaleyale kwa muda mrefu.

Kazi ya mwanamke wa visiwani

Juani ni kisiwa kilichoko kusini-mashariki ya kisiwa kikuu cha Mafia, katika Mkoa wa Pwani, kikiikinga Ghuba ya Chole na mawimbi ya bahari kuu. Wengi wanakijua kwa ajili ya magofu ya mji wa kale wa Kua, na kwa ajili ya fukwe zake za mashariki wanakotagia kasa. Lakini kwa wakaaji wake Juani ni mahali pa kazi. Udongo wake unalimika, hata ndugu zetu wa Jibondo, ambao kisiwa chao ni mwamba mtupu, huvuka maji kuja kulima huku.

Katika kazi hizo mwanamke ana sehemu kubwa. Yeye hulima na kuvuna. Maji yakipwa hushuka mwambani kuchokoa pweza na kuokota kombe. Akirudi nyumbani hupika, hulea watoto na wagonjwa, huteka maji, na usiku husuka ukili wa mkeka. Katika visiwa hivi, kama ilivyo Unguja na Pemba, kilimo cha mwani nacho kimekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake. Kilimo hicho kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, na baadaye kikaenea sehemu nyingine za mwambao wa Tanzania.

Hili la uzito wa kazi ya mwanamke si jipya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri wazi ya kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu, na likawalaumu wanaume wa vijijini kwa kukaa likizo nusu ya maisha yao. Wazee wetu waliosikia maneno hayo redioni wanakumbuka jinsi yalivyochekesha baadhi ya watu na kuwaudhi wengine.

Wala haifai kudhani kwamba mwanamke wa Mafia ni mtu asiye na mali. Bibi Pat Caplan, mtaalamu wa Kiingereza wa elimu ya jamii, alianza kufanya utafiti katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Mafia mwaka 1965, akarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Aliandika kwa urefu jinsi wanawake walivyokuwa na minazi yao wenyewe na haki yao katika ardhi ya ukoo, kupitia upande wa baba na upande wa mama pia. Sheria ya Kiislamu nayo, ijapokuwa humpa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, humhesabu kuwa mmiliki kamili wa alichorithi, alichonunua na mahari aliyopewa. Mumewe hana ruhusa ya kukigusa bila ridhaa yake.

Basi, ikiwa mwanamke anafanya kazi, na tena ana mali, ni nini kinachopungua?

Usawa unapopotea

Kinachopungua ni mambo manne, na yote yamo ndani ya uendeshaji wa kazi wenyewe.

La kwanza ni daftari la wanachama. Tangu Ushirika ulipoanza nchini chini ya sheria ya mwaka 1932, vyama vingi vimejengwa juu ya zao: kahawa, pamba, korosho. Mwanachama alikuwa ni mwenye shamba, na mwenye shamba aliandikwa kuwa ni mkuu wa nyumba, yaani mume. Mke alipalilia, alichuma na kubeba, lakini stakabadhi ilitoka kwa jina la mumewe. Jina lisilokuwamo daftarini halipigi kura, halidai mgawo wa ziada, wala haliwezi kudhamini mkopo.

Tuchukue mfano wa chama cha kubuni cha wakulima wa mwani. Chama kina mashamba 50. Katika hayo, 35 yanalimwa na wanawake kwa mikono yao. Lakini wakati wa kuandikishwa, wanawake 20 kati yao waliambiwa watoe jina la baba wa nyumba. Matokeo yake ni kwamba daftari lina wanachama wanaume 35 na wanawake 15. Siku ya Mkutano Mkuu hoja inaletwa kwamba chama kinunue mashine ya boti, au kijenge banda la kukaushia mwani. Wanaojua uchungu wa mwani kuoza kwa mvua ni wengi shambani, lakini ni wachache katika kura. Hakuna aliyevunja sharti lolote, na hata hivyo haki haikutendeka.

La pili ni saa ya mkutano. Katika maji yetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya kufunga mwani, ya kuvuna, na ya kuchokoa pweza. Na saa nne asubuhi ndiyo saa inayopendwa na watumishi kwa kuitisha mikutano, kwa sababu wao wanatoka Kilindoni na wanataka kurudi mapema. Mwanamke hulazimika kuchagua baina ya mkutano na riziki ya nusu mwezi. Akichagua riziki, husemwa ya kwamba kina mama hawapendi mikutano.

Tena kuna mkutano kabla ya mkutano. Wanaume hukutana barazani baada ya sala ya Isha, penye bao, au ufukweni wakisubiri vyombo. Huko mambo huzungumzwa hata yakakomaa. Wakifika mkutanoni wamekwisha kukubaliana, na mwenyekiti mwanamke huletewa uamuzi uliokwisha kupikwa, kazi yake ikiwa ni kuutia muhuri.

La tatu ni ufunguo. Hapa twasema ufunguo wa kasha, lakini pia mizani, kitabu cha stakabadhi na sahihi ya benki. Katika chama chochote, mwenye mizani ndiye anayejua kilo, na mwenye stakabadhi ndiye anayejua fedha. Mara nyingi mwanamke hupewa kiti chenye heshima, na mwanamume akapewa kazi yenye ufunguo.

La nne ni safari. Kutoka Juani kwenda makao makuu ya Wilaya, mtu avuke kwa chombo hadi Utende, kisha afuate barabara mpaka Kilindoni. Akitakiwa Kibaha au Dar es Salaam, ni mwendo wa bahari tena, na kulala nje. Mwanamume huaga tu. Mwanamke huulizwa anakwenda na nani, atalala wapi, na nani atawapikia watoto. Basi safari huenda kwa makamu wake, na makamu ndiye anayejuana na mnunuzi, anayehudhuria semina, na mwaka wa uchaguzi ndiye anayeonekana kuwa ana uzoefu.

Jinsi viongozi wanavyopita katikati ya miamba

Nahodha mwema hapingani na mwamba. Huujua ulipo, akapita kwenye mkondo. Ndivyo wafanyavyo viongozi wengi wanawake, na njia zao zafaa zielezwe, kwa kuwa ni elimu ambayo haifundishwi semina.

Njia ya kwanza ni kusimama juu ya heshima ambayo jamii tayari inamtambua nayo. Mwanamke wa pwani hakungoja Ushirika ndipo ajue uongozi. Yuko kungwi anayewafunda wali, yuko somo, yuko kiongozi wa kikundi cha maulidi, yuko mweka fedha wa mchezo wa upatu, na yuko mama wa ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha lelemama huko Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU. Alipopewa kazi mwaka 1955 ya kuwaingiza wanawake katika chama, alipitia katika vikundi hivyohivyo vya ngoma, na kwa muda mfupi maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Baadaye akawa Mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Funzo lake kwetu ni kwamba mwanamke anayesikilizwa harusini na msibani anaweza kusikilizwa mkutanoni, mradi aje na watu wake na asiache adabu yake nje ya mlango.

Njia ya pili ni kushika kalamu. Mwenye kumbukumbu za mkutano uliopita ana nguvu kuliko mwenye sauti kubwa. Bibi Lucy Lameck wa Moshi alifanya kazi katika KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, katika miaka ya 1950, kisha akasoma Chuo cha Ruskin huko Oxford, Uingereza. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1965 alikuwa Katibu wa Bunge katika Wizara ya Ushirika na Maendeleo ya Jamii, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia katika Serikali ya nchi huru. Aliufahamu Ushirika kwa kufanya kazi ndani yake. Kiongozi anayejua kusoma mizania hawezi kuambiwa kwamba fedha ni mambo ya wanaume.

Njia ya tatu ni kutokwenda peke yake. Mwanamke mmoja katika kamati ya watu tisa huwa kama mgeni. Akisema, husemwa kuwa ni mkali. Akinyamaza, husemwa kuwa hana mawazo. Wakiwa watatu, mmoja hutoa hoja, wa pili huiunga mkono, wa tatu huuliza iandikwe. Na katika safari, wawili wakifuatana, neno la watu hupungua na mume hutulia.

Njia ya nne ni kuwafanya wanaume kuwa wadhamini wa jambo lake. Kiongozi mwenye busara huenda kwanza kwa mzee wa mtaa, kwa imamu au kwa mjomba, akalieleza jambo kwa faragha na kuomba ushauri. Siku ya mkutano mzee yule hulitetea kana kwamba lilikuwa lake. Mumewe pia humhusisha mapema: humweleza tarehe ya safari, posho ni kiasi gani, na nani atabaki na watoto, kabla maneno ya barazani hayajamfikia.

Njia hizi zinafaa, na wengi wamefanikiwa nazo. Lakini tusidanganyike. Kila moja ina gharama. Mwanamke anayemwachia mzee asemee hoja yake, hupata hoja na kukosa sifa. Anayefuatana na mwenzake Kilindoni, hulipa nauli mbili ambapo mwanamume hulipa moja. Anayesema kwa upole siku zote, siku akihitaji ukali huambiwa amebadilika. Zaidi ya hayo, akimaliza muda wake, mkondo alioujua huondoka naye. Anayemfuata huanza tena kugonga miamba ileile.

Kisiwa cha Jeju

Kusini mwa Korea ya Kusini kiko kisiwa cha Jeju, cha mawe ya volkano na upepo mwingi. Huko wako wanawake wanaoitwa haenyeo, maana yake wanawake wa bahari. Hupiga mbizi katika maji ya baridi bila mtungi wa hewa, kwa kuzuia pumzi tu, wakatoa konokono wakubwa wa bahari, kombe na mwani. Kwa miaka mingi mapato yao ndiyo yaliyosomesha watoto na kujenga nyumba. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya 14,000. Mwaka 2023 walikuwa wamepungua hata chini ya 3,000, na wengi wao ni wazee. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wao katika orodha ya urithi wa binadamu.

Utaratibu wao unafanana na Ushirika. Kila kijiji kina chama cha wavuvi chenye haki juu ya sehemu yake ya bahari. Wapiga mbizi hugawanyika katika madaraja matatu kwa kadiri ya ujuzi, na mwenye ujuzi ndiye anayeongoza, si mwenye mali. Ufukweni wana uzio wa mawe wenye moto katikati, uitwao bulteok. Hapo hubadili nguo na kuota moto, na hapohapo huamua siku ya kuzamia, sehemu ya kupumzisha, na msaada kwa mwenzao mgonjwa. Kwa lugha yetu, wanawake hawa wana baraza lao wenyewe.

Historia yao ina funzo kubwa kwa wanaushirika. Mwaka 1920, Korea ikiwa chini ya utawala wa Japani, kilianzishwa chama cha ushirika wa uvuvi kwa ajili ya kulinda maslahi ya wapiga mbizi. Baadaye uongozi wa chama hicho ulishikwa na mtawala wa Kijapani wa kisiwa. Bei za mwani na mazao mengine zikapangwa na wakubwa pamoja na wafanyabiashara, na chama kilichoanzishwa kwa jina la wanawake kikawa chombo cha kuwapunja. Mapema mwaka 1932 wapiga mbizi wa Hado na vijiji jirani waliandamana kwa wingi wakidai bei ya haki. Miongoni mwa viongozi wao walikuwa Bu Chun-hwa, Kim Ok-ryeon na Bu Deok-ryang, wasichana waliokuwa wamesoma shule ya usiku kijijini. Walitiwa gerezani. Lakini wapiga mbizi walikuwa wameonyesha ya kwamba mwenye kazi akijua kusoma hesabu hapunjwi kimyakimya.

Hata hivyo, Jeju hiyohiyo yatuonyesha mpaka wa mapato. Mwanamke alikuwa ndiye mlishaji wa nyumba, na bado kwa miaka mingi mwenyekiti wa chama cha kijiji alikuwa kwa kawaida mwanamume, na ibada za ukoo ziliongozwa na wanaume. Katika Korea nzima, daftari la familia lilimweka mwanamume kuwa mkuu, na wanawake waliandikwa chini yake. Wanawake walidai daftari hilo libadilishwe kwa miongo kadhaa. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2005 kwamba utaratibu huo haupatani na katiba, na ulifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2008.

Na mpaka leo kazi haijaisha. Sheria ya usawa katika ajira ilipitishwa huko mwaka 1987, lakini tofauti ya mishahara kati ya wanaume na wanawake imebaki karibu asilimia 30, kubwa kuliko katika nchi nyingine tajiri. Wanawake waliofikia ngazi za juu katika makampuni na ofisi hueleza vikwazo ambavyo msomaji wa Juani atavitambua mara moja: mambo huamuliwa katika karamu za jioni za wanaume, mwanamke mwenye watoto wadogo hudhaniwa hawezi kusafiri, na akiwa peke yake katika kikao hutakiwa athibitishe uwezo wake mara mbili. Nao hujibu kwa njia zinazofanana na zetu: hushikamana wao kwa wao, hutafuta mkubwa wa kuwaunga mkono, na huijua kazi kwa kina.

Kwa hiyo utajiri wa nchi peke yake hauondoi tatizo, wala elimu peke yake, wala mapato peke yake. Kilichosaidia zaidi ni pale utaratibu wenyewe ulipoandikwa upya.

Sheria inasema nini

Kiongozi mwanamke wa Tanzania ana silaha za kisheria ambazo hazina budi kujulikana.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali ya kwamba kazi za nyumbani zenyewe ni mchango katika mali ya ndoa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito, na inampa mtumishi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Karani wa chama aliyeajiriwa ana haki hiyo.

Kwa upande wa Ushirika, misingi iliyopitishwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995 inaanza na uanachama ulio wazi na wa hiari, bila ubaguzi wa jinsia. Ushirika wetu hapa nchini unaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Nchi yetu imekwisha kuonyesha kwamba mwanamke aweza kushika uongozi wa juu kabisa. Bibi Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliongoza kama Katibu Mkuu maandalizi ya Mkutano wa Dunia wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995. Tangu tarehe 19 Machi 2021 Rais wa Jamhuri ya Muungano ni mwanamke, Bibi Samia Suluhu Hassan. Lakini sheria iliyoko Dodoma haifiki Juani kwa miguu yake. Inafikishwa na masharti ya chama.

Wajibu wa chama

Kile ambacho kiongozi mwanamke hukifanya kwa busara yake binafsi, chama kikiandike katika masharti, ili kisiondoke pamoja naye. Twashauri mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

1. Daftari lihakikiwe upya. Anayelima ndiye aandikwe. Mume na mke wakilima pamoja, kila mmoja aandikwe na awe na hisa yake. Kiingilio kiruhusiwe kulipwa kidogo kidogo kutokana na mauzo.

2. Mikutano ifuate maji. Katibu aitishe mikutano siku za maji mafu, na aepuke bamvua. Saa iwe ya alasiri, kabla ya kupika. Jambo lolote la bei au mkopo lisiamuliwe ila katika mkutano wenye akidi, na akidi hiyo ihesabu wanawake pia.

3. Funguo zigawanywe. Vikundi vya kuweka na kukopa vimetufundisha kasha lenye kufuli tatu, na funguo zake kukaa kwa watu watatu, hata lisifunguliwe mpaka wote wawepo. Chama cha msingi kifuate mfano huo katika kasha, mizani na sahihi za benki, na angalau mmoja wa washika funguo awe mwanamke.

4. Safari ziwe za zamu. Posho ya mjumbe mwanamke ihesabu nauli ya mwenzake pale inapolazimu. Aliyesafiri atoe taarifa mbele ya wanachama, ili ujuzi usikae kwa mtu mmoja.

5. Kiti kingoje mwenyewe. Mjumbe aliyejifungua, au mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi, asihesabiwe kuwa amejiuzulu. Masharti yaseme nani atakaimu, na kwamba mwenyewe atarudi muda ukiisha. Taarifa na vitabu vya hesabu vipelekwe nyumbani kwake, maana eda haikatazi kusoma.

6. Mafunzo ya hesabu yatolewe kijijini. Semina ya siku tano Moshi ni nzuri, lakini mafunzo ya jioni mbili kwa juma katika darasa la shule ya Juani yatawafikia wengi ambao hawawezi kusafiri.

Wako watakaosema mambo haya yanawapendelea wanawake. Jibu ni rahisi. Mkutano ulioitishwa siku ya maji mafu unamfaa mvuvi pia. Kasha la kufuli tatu linalinda fedha ya kila mwanachama. Daftari lenye majina ya wafanyakazi wa kweli linamwezesha meneja kukisia mavuno sawasawa. Na chama kinachomwacha nje ya kura mtu anayejua kwa nini mwani umeoza, kitaendelea kuuza mwani uliooza, nacho kitakufa pamoja na wanaume waliomo.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya kujifunza

1. Fungueni daftari la chama chenu. Ni wanachama wangapi wanawake, na ni mashamba mangapi yanayolimwa nao? Tofauti ikiwapo, ilitokea vipi?

2. Mikutano mitatu iliyopita iliitishwa saa ngapi, na maji yalikuwaje siku hizo?

3. Ni nani wanaoshika ufunguo wa kasha, mizani, kitabu cha stakabadhi na sahihi ya benki? Waliteuliwa na nani?

4. Kiongozi mwanamke aliyetangulia katika chama chenu alishinda vikwazo gani? Ni lipi katika aliyoyafanya linafaa kuandikwa katika masharti kabla ya Mkutano Mkuu ujao?

Majibu ya kikundi yaandikwe, yasomwe mbele ya Kamati, na nakala ipelekwe kwa Chama Kikuu.